Vituko vya Bwana Dereva

Kinyozi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe, upande wa pili wa meza, aliomba ardhi ipasuke immeze.

“Hebu sikiliza hii,” kinyozi alisema, simu mkononi. “Eti dereva mmoja kapiga pasi shati huku kalivaa! Mkewe kaandika yote kwenye blogu. Duniani kuna wanaume wa ajabu, mama!”

“Wapo,” alijibu mkewe, akimtazama kifuani. Chini ya fulana ile kulikuwa na alama ndogo ya pasi, ya wiki iliyopita.

Miezi mitano nyuma, blogu hiyo ilikuwa ya ushonaji. Mke huyo ni fundi cherehani; aliijua kola, aliujua upindo, na aliandika kwa moyo wote. Wasomaji wakawa kumi na wawili. Saba ni ndugu, na mmoja ni yeye mwenyewe, kwa simu yake ya zamani. Siku alipotoa makala ya vifungo, hakusoma hata mtu mmoja. Kinyozi aliporudi jioni alimkuta mbele ya cherehani, nguo ya mteja mapajani, hajashona hata mshono.

“Kuna nini, mama?”

“Hakuna kitu.”

Jumapili mdogo wake alikuja kumtembelea, akampa dawa. “Dada, watu hawasomi vifungo. Watu wanasoma watu! Andika vituko vya nyumbani. Toa kimoja kila Jumanne, usikose hata mara moja. Sambaza kwenye makundi yote ya simu, na kila anayetoa maoni umjibu.”

“Vituko gani, na humu ndani kumepoa hivi?”

Kinyozi, shemeji mtu, alikuwa pembeni anasoma gazeti. Hakuinua hata macho.

Kesho yake kinyozi alikwenda kazini amevaa kandambili za mkewe, zile za rangi ya waridi zenye maua. Mkewe akaandika. Kwa kuficha, akamgeuza mumewe kuwa dereva wa lori. Kufikia Ijumaa wasomaji walikuwa mia tatu.

Basi ikawa kama milango imefunguka. Mwanaume aliyekuwa akikunja leso yake mara nne kabla ya kuitia mfukoni, akili zilianza kumruka. Jumatatu moja alisimama kusalimiana na sanamu ya duka la nguo, akaiulizia hali ya watoto. Jumatatu nyingine alitia soksi kwenye friji, akazitafuta nusu saa nzima. Wasomaji wakafika elfu mbili, kisha elfu nne. Cherehani ikawa inazunguka na fundi anaimba.

Kilichomnyima raha ni kimoja. Hakuna aliyeipenda blogu ile kama kinyozi. Alibandika anwani ya blogu juu ya kioo cha kazini, na mteja hakushuka kitini bila kuifungua.

“Soma hapo, ndugu yangu, utavunjika mbavu!”

Wateja walisoma, wakamwangalia, wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Habari hizo zilimfikia fundi kupitia kwa jirani. Mume wake anaitangaza aibu yake mwenyewe, tena kwa mdomo wake, na hajui. Siku atakayojua, atamtazama mkewe kwa jicho gani?

Jumatatu moja akaona yamefika shingoni. Heri lawama kuliko fedheha. Jioni, saa kumi na moja, aliiacha cherehani na suruali ya watu katikati ya mshono, akajitanda mtandio, akashika njia ya kazini kwa mumewe. Alitembea huku anayarudia maneno yake: nisamehe, baba. Blogu ni yangu. Yule dereva ni wewe. Leo leo naifuta.

Mlango wa kinyozi ulikuwa na pazia. Alinyoosha mkono alivute, akasikia mashine ya kunyolea inazimwa, kisha sauti ya mumewe, imejaa wasiwasi.

“Jamani, nipeni mawazo, jua hilo linatua! Kesho mke wangu anaandika, na mimi mpaka sasa hivi sijafanya upuuzi wowote.”