Jina Mlangoni

"Futa yote. Mpangaji mpya anaingia Jumatatu," mjane alisema, akampisha fundi wa mabango aufikie mlango wa duka. Ndani, cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

JOASH, FUNDI WA SUTI. Herufi hizo nyeupe fundi wa mabango alizipaka mwenyewe mwaka wa uhuru, marehemu akisimama papo hapo na kulalamika kwamba J imeinama. Ilikuwa imeinama kweli.

Fundi alikuja na mikebe miwili, mmoja wa thina na mmoja wa tapentaini. Thina ingeikunja rangi ile kama utando wa maziwa na kuing'oa mara moja. Tapentaini hutoa rangi ikiwa bado mbichi. Kwa rangi iliyokauka miaka minane, hutoa vumbi tu.

Mjane alikuwa ameegemea fremu. Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya ile J, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo gizani.

Fundi akafungua tapentaini. Akalowesha kitambaa, akasugua mpaka bega likamuuma. Vumbi lote la Dagoretti Corner likatoka, na jina likang'aa kama limeandikwa asubuhi hiyo.

"Imekataa, mama."

"Na huo mkebe mwingine?"

"Huo ni wa kuoshea brashi."

Mjane aliinama, akaufungua, akaunusa. Akamtazama fundi kwa muda, kisha akarudisha kifuniko na kukikandamiza kwa kiganja.

"Basi uje Jumamosi ujaribu tena," alisema. "Lete hiyo hiyo ya leo."