Umeaga Nyumbani?

Mpira wa kwanza wa besiboli aliorusha Erasmo, wa kupasha misuli tu, ulipaa juu ya kichwa cha mdakaji wake ukagonga wavu wa nyuma. Ngoma za merenge, muziki wa dansi wa mashabiki, zikanyamaza jukwaani.

Enzi alipokuwa mrushaji wa kuanzisha mechi, wapigaji walimzoea mapema, wakawa wanasimama tu kungoja akosee shabaha, wapewe kituo cha bure. Leo kocha amemwingiza mwishoni mwa mechi, wapinzani wamejaa vituo vyote vitatu, kosa moja tu ni pointi yao. Jasho la vidole lilikuwa limelowesha mshono mwekundu wa mpira.

Mdakaji akamjia, amefunika mdomo kwa glavu. "We mtoto shetani! Umerusha vile makusudi, umtishe mpigaji, sivyo?"

Erasmo akaitikia kwa kichwa.

Mdakaji akarudi anachekelea, akachuchumaa, akamwambia mpigaji kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani: "Kaka, umeaga nyumbani? Huyu hata mwenyewe hajui mpira wake unakwenda wapi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Mpigaji naye akacheka, lakini mguu wake wa mbele ukarudi nyuma kidogo.

Erasmo peke yake ndiye aliyejua kwamba huo haukuwa utani. Akainua mguu, akarusha.