Tujaze Basi la Mjomba

"Ingieni! Bananeni! Leo hakuna kuchagua kiti!"

Fundi cherehani alikuwa mlangoni mwa basi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, anasukuma majirani kwa mikono miwili. Kinyozi alipandishwa na aproni yake. Shangazi yake fundi, ambaye hakuwa na safari yoyote, alikalishwa dirishani ili aonekane vizuri.

"Kwani mimi naenda wapi?" shangazi akauliza.

"Unaenda na kurudi, shangazi. Tulia."

Kisa chenyewe ni hiki. Ule ugonjwa wa barakoa ulikwisha, lakini abiria hawakurudi. Wengine walizoea baiskeli, wengine walizoea woga tu. Ndipo ofisi ya mabasi ikatangaza: njia isiyo na watu itafutwa, na dereva wake atastaafishwa. Leo mkaguzi alikuwa anakuja kuitazama njia ya Mjomba.

Mjomba ndiye dereva wao, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Wakati wa ugonjwa, mama yake fundi alibanwa na kifua, na kila mwenye gari akajifanya hayupo. Mjomba akampeleka hospitali, mgonjwa mmoja ndani ya basi zima, huku akimwimbia njia nzima asiogope. Mama akapona. Fundi akaapa kwamba mtu yule hatapoteza kazi yeye akiwa hai. Wema hauozi.

Mwenyewe Mjomba alijikaza, maskini. "Binti yangu, usihangaike na mimi," alimwambia wiki ile. "Tembeeni. Kutembea ni afya." Mara mbili aliondoa basi kituoni watu wakilikimbilia, wakabaki wanapiga kelele kwenye vumbi. Ni mawazo, fundi akawaambia, yamemziba masikio. Kiti kilichovunjika hakutaka hata kitengenezwe. Fundi alimwonea uchungu mpaka usingizi ukampaa.

Mkaguzi akapanda, basi likaondoka, naye akakosa hata pa kuweka mguu. Kinyozi alimkanyaga, akamwomba radhi, akamkanyaga tena. Mkaguzi badala ya kukasirika akacheka.

"Njia nyingine nimekuta nzi tu! Hii haifutwi ng'o. Na dereva asiguswe, aendelee nayo miaka mitano mingine!"

Basi likalipuka kwa vigelegele. Mjomba alifunga breki, akauinamia usukani, mabega yanamtikisika. Fundi naye akashindwa kujizuia, akalia kwa furaha mbele za watu.

"Lia tu, Mjomba," akamwambia. "Umeshinda."

Walipofika mwisho wa njia na watu wakashuka, fundi alikwenda mbio kumnunulia soda ya pongezi. Aliporudi, Mjomba alikuwa peke yake kwenye usukani, amempa mgongo, simu sikioni.

"Mke wangu, fungua mabegi, hatuendi popote. Kiinua mgongo kimeota mbawa. Mwezi mzima nafukuza abiria, nikajua leo ndiyo napumzika. Kumbe kuna fundi cherehani mmoja hapa mtaani, kanijazia basi mpaka mlangoni! Wallahi sijui nimemkosea nini."