Bakuli Nyuma ya Jiko

Mzee wangu alishika kijiko kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

"Baba, onja kidogo tu," mkwe wetu akambembeleza. "Ni supu ya bitiruti. Kwenye nchi za baridi wanaipenda sana."

"Wenye baridi wana shida zao," mzee akasema.

Nikacheka kimoyomoyo. Kila Jumamosi binti wa watu hupika chakula cha nchi nyingine, na kila Jumamosi mzee husukuma sahani, akanitupia jicho. Basi mimi huwa tayari: bakuli la viazi vya kuchemsha, limefunikwa kwa sahani, nyuma ya jiko. Tangu anioe hajashiba kwa mkono mwingine. Nisiringe kwa nini?

Mkwe alisimama pale mezani, kitambaa cha jikoni amekisokota mpaka kimekuwa kamba.

Mzee akanywa. Masharubu yake meupe yakageuka mekundu. Tukasubiri ateme.

Akalamba masharubu upande wa kushoto. Akafikiri. Akalamba na wa kulia.

"Imebaki?"

Miaka yote hiyo, mimi hajawahi kuniomba nyongeza.

Mkwe alikimbilia jikoni karibu aangushe kiti. Nikasikia sahani ikigonga bakuli.

"Mama," akaita, sauti imepoa. "Hivi viazi vilivyofichwa huku ni vya nani?"

Mzee akanitazama bila kupepesa, mdomo mwekundu kama wa bibi harusi.

"Vyangu, mwanangu," nikasema. "Si unajua mimi ninavyochagua chakula."