Pumzika Kwanza, Baba

"Pumzika kwanza, baba, upoe," binti alimwambia mzee aliyefika akishika kifua baada ya kupanda ngazi. Binti huyo ndiye mpimaji wa umeme wa moyo hapo hospitalini, na jasho huharibu kipimo.

Maumivu yalipoisha, akambandika kifuani vibandiko vya nyaya za mashine. Mistari ya mapigo ikatoka safi karatasini.

"Si nilikwambia ni gesi?" Mzee akacheka, akifunga shati. "Unataka kunizika mzima mzima, mama."

Akaondoka. Binti alipokunja karatasi ndipo akashtuka: msuli wa moyo ukikosa damu hulalamika, ukipumzishwa hunyamaza. Yeye ndiye aliyeunyamazisha.

Akamkimbilia, akamkuta ameanguka ngazini, kibandiko kimoja ambacho binti alisahau kukibandua kingali kifuani. Akaanzia hapo kuunganisha nyaya. Safari hii mistari ilipanda, ikagoma kushuka: moyo ulikuwa ukilalamika.

"Nipumzike tena?" mzee akauliza.