Sehemu ya Tatu

Asubuhi gazeti la Milano lilipomwita punda, Mzee Oronzo alinunua nakala sita.

Mdogo wake, Ersilia, alimwona akitoka nazo dukani, amezikumbatia kama mikate iliyotoka tanurini sasa hivi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kaka yake alikuwa na miaka sabini na mmoja, arobaini kati yake ameimaliza kwenye kinanda cha kanisa, na leo mji mzima ulikuwa unamcheka.

"Kaka, umelisoma lakini?"

"Mara mbili. Huyu Profesa aliyeliandika, kalamu anayo."

Ersilia alikuwa mshonaji wa mavazi ya tamasha, na jana aliyaona yote akiwa pembeni mwa jukwaa, pini mdomoni. Kila mwezi wa saba, katika ua wa jumba la kale la mtemi, tamasha lao hufufua opera ambazo dunia imezisahau. Za wafu tu. Kwa miaka ishirini na miwili Oronzo alimpelekea mkurugenzi, Daktari Scialpi, opera alizozitunga mwenyewe, na kila mwaka Scialpi alimrudishia bunda bila hata kufungua kamba.

"Hapa tunapiga za marehemu, mzee wangu. Rudi ukishakufa."

Hadi mwaka juzi, Oronzo alipopekua kabati la sakristia ya kanisa lake, lililojaa karatasi za muziki za kale, nyingine zimeandikwa, nyingine tupu, akaibuka na opera ya Padre Cataldo Mele, aliyepiga kinanda kilekile karibu miaka mia tatu iliyopita. Zilikuwa sehemu mbili kamili. Muziki wa sehemu ya tatu, alisema, haukuwemo. Wataalamu wakaja kutoka Bologna, wakazinusa zile karatasi, wakazipima, wakatangaza kwamba ni za zama zile hasa. Scialpi nusura acheze ngoma barabarani. Ile sehemu iliyokosekana, Oronzo alijitolea kuitunga yeye. Mkurugenzi aliguna wiki nzima, kisha akakubali, jina la mzee likawekwa chini kabisa ya bango kwa herufi ndogo kama chawa.

Jana usiku sehemu mbili za kwanza ziliwaliza watu. Wimbo wa mjane ulidaiwa tena na tena. Hata wazima moto waliosimama mlangoni walifuta macho. Ersilia alichungulia safu ya nyuma akamwona kaka yake analia kuliko wote, kama mama kwenye harusi ya mwanawe.

Ikaja sehemu ya tatu. Wakaanza kujipepea. Wakakohoa. Mmoja akapiga mluzi. Mwimbaji mwenyewe alikodoa macho juu kama mtu anayesubiri basi.

Na sasa gazeti: "Kipaji kikubwa kimelala karne tatu, kikaamka, kisha punda wa kijijini akakikalia. Sikio lililosoma halihitaji kuambiwa mkono wa bwana ulipoishia."

Saa tano Ersilia na kaka yake waliitwa mkahawani. Scialpi alikuwa ameketi na mwandishi wa maneno hayo, Profesa Guidobaldi, suti nyeupe, miguu imepishana.

"Mzee Oronzo, usinune," alisema Scialpi. "Maonyesho matatu yaliyobaki, sehemu ya tatu tunaikata. Wimbo wa mjane ukiisha, pazia chini."

"Yote?"

"Isibaki hata noti moja."

Oronzo alikoroga kahawa yake taratibu. "Mngemwonea huruma kidogo aliyeiandika."

Wakacheka. Profesa akampigapiga begani. "Huruma ni kazi ya kanisa, mzee. Mimi nimeshazungumza na jumba kubwa la opera kule kaskazini. Msimu wa baridi wanazipiga hizo sehemu mbili, kama zilivyo."

Ersilia alishindwa kujizuia. "Na kama umekosea, Profesa?"

"Mama, nimesikiliza muziki miaka hamsini. Padre Cataldo ningemtambua hata akipiga chafya."

"Basi niandikie hayo," Oronzo alisema kwa adabu, akamsogezea gazeti. "Kwamba za kwanza mbili ni kazi ya fundi, na ya tatu haifai kitu. Nilitundike ukutani, linifunze unyenyekevu."

Profesa alifurahi. Akaandika pembeni mwa gazeti, akatia saini na tarehe. Oronzo akamsogezea la pili. Akatia saini yote sita.

Nyumbani Ersilia aliipakua tambi kwa hasira, mwiko ukigonga sahani.

"Miaka yote hii nakutetea! Unatukanwa mbele za watu, halafu unaomba saini! Kaka, huna hata aibu?"

"Nitafutie bahasha ngumu, mdogo wangu. Pana."

"Ya nini?"

Oronzo aliingia chumbani, akainua godoro, akarudi na bunda jembamba la karatasi. Zilikuwa za kahawia, kingo zake zimetafunwa, wino umefifia. Ersilia akavaa miwani. Juu kabisa paliandikwa *Sehemu ya Tatu*. Akaufuata mstari wa kwanza kwa kidole, akiuimba chini kwa chini, na akautambua: ndio uleule uliowakohoza watu jana. Akageuza hadi ukurasa wa mwisho. Palikuwa na saini yenye mikia mirefu: *Padre Cataldo Mele, 1743*.

Akaketi polepole.

"Na ya kwanza?" aliuliza. "Na ya pili ya Padre?"

Oronzo akajisogezea sahani.

"Hizo panya walizimaliza kabla mimi na wewe hatujazaliwa."