Jiko la Kulia

Siku ambayo hata maji hayakupaswa kuungua, sosi iliungua.

Binti aliinamia sufuria, akanusa, akajua. Akaimwagia maji, akatia magadi, akaiacha palepale kwenye jiko la kulia itokote polepole mpaka ukoko ulegee. Kisha akakaza kamba za aproni, akachukua sufuria nyingine na kuanza upya: mchuzi wa mifupa, mvinyo mwekundu, siagi baridi, na subira.

"Mungu wangu," alinong'ona, "leo tu. Kesho nitajikongoja mwenyewe."

Baba yake alipita nyuma yake, harufu ya kuungua ikiwa imetanda mpaka uani.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Salama, baba."

Mzee akaenda zake kuvaa koti lake jeupe. Harufu hakuitaja. Amenisitiri, binti aliwaza, na macho yakamlowa.

Mkahawa ule wa Kifaransa ulijulikana mji mkuu mzima. Mabalozi walihifadhi meza mapema, na mawaziri walisubiri zamu kama watu wengine. Kilichowaleta si vitambaa vyeupe wala taa za vioo. Ni sosi moja, ya mkono wa marehemu mama yake. Baba, mpishi mkuu, ndiye aliyeionja kila siku kabla ya milango kufunguliwa. Hiyo ilikuwa sheria ya jikoni: sosi hukaa jiko la kulia, mzee huchovya kijiko, hufumba macho, kisha husema, "Imefika." Bila neno hilo, hakuna sahani iliyovuka mlango.

Halafu homa ikaingia nyumbani kwao, ikawalaza mama na baba kitanda kimoja. Baba aliinuka. Mama hakuinuka.

Tangu siku hizo binti ndiye aliyeipika sosi ile, na tangu siku hizo baba alikuwa na neno moja tu: "Bado." Zamani angemwambia imezidi mvinyo, imepungua chumvi, imekosa moto. Sasa ilikuwa bado, basi, na kijiko kinarudi mezani. Nyumbani alikitazama chakula kama mtu anayetazama barua ya jirani. Ukimbembeleza sana, alitafuna kwa adabu, akasukuma sahani.

Majonzi hayo, watu walisema. Mpeni muda.

Lakini mwenye mkahawa hakuwa na muda wa kumpa. "Mzee wangu," alimwambia jana yake, mbele ya wote, "wageni wanaiulizia sosi yao. Kesho nataka jibu. Ama binti yako ashike jiko, ama nilete mpishi kutoka nje. Neno ni lako. Mimi ulimi wangu ni wa chai na mkate."

Mhudumu wa meza, waliyemwita Kipepeo kwa ajili ya tai yake ya shingoni yenye mabawa mawili, alichungulia mlangoni.

"Dada, uso huo ukiuinamisha hapo, sosi itachacha."

"Niache, Kipepeo. Nina hofu."

"Hofu ya nini? Mzee amelainika siku hizi. Juzi nilimtilia maziwa yaliyochacha kwenye chai, bahati mbaya jamani, nikasema leo nimekwisha. Akanywa kikombe chote, akaniambia ahsante."

Binti alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Sosi ya pili ikakubali. Iling'aa, ikashika kijiko, na alipoionja alimsikia mama yake mdomoni. Akaifunika, akaiweka pembeni ukutani, ndani ya beseni la maji ya moto isipoe. Baba na mwenye mkahawa wakija, ataihamishia mahali pake. Akaingia chumba cha baridi kutafuta majani ya kupambia sahani.

Alipotoka, walikuwa wamekwisha kuja. Mwenye mkahawa alisimama mlangoni, mikono kifuani. Baba alikuwa amewapa mgongo, na kijiko kilikuwa mdomoni.

Binti aliyashika majani mpaka yakapondeka.

"Imefika," mzee alisema.

Akageuka, macho bado ameyafumba, machozi yakimteremka.

"Imefika, mwanangu. Ni ya mama yako. Hii hii."

Kipepeo akapiga sinia kama ngoma. Mwenye mkahawa akamkumbatia binti mpaka kofia ikaanguka. "Jiko ni lako," alisema. "Ahsante Mungu, nimeepukana na wapishi wa nje!"

Baba alimshika mikono.

"Nimekuumiza bure siku zote hizi," alimwambia. "Nisamehe."

"Hukuniumiza, baba. Ulinifundisha."

Mzee aliiachia mikono yake. Akatoka taratibu na mwenye mkahawa kwenda kusalimia wageni, na kwa mbali binti alimsikia akisifiwa, akijibu kwa upole.

"Meza ya kwanza wanataka sosi!" Kipepeo alipaza sauti.

"Inakuja!"

Ahsante, Mungu wangu, ahsante. Akipangusa macho kwa kiwiko, akaenda kwenye beseni la maji ya moto, akafunua sufuria. Utando mwembamba ulikuwa umeifunika sosi yake kutoka ukingo hadi ukingo, laini, mzima, haujapasuliwa na kijiko chochote.

Tabasamu lilikuwa bado usoni alipogeuka kutazama jiko la kulia. Maji ya magadi yalikuwa yakitokota juu ya ukoko wa asubuhi, na ndani yake kilisimama kijiko cha baba.